Sauti ya Saa Mbili Usiku

Kambi ya Miwa, Kilombero
18 Februari 2024

Mwanangu Mwanaima,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, ila mikono tu. Natumai huko Lindi u mzima, na mdogo wako Ridhiwani kule Mitole yu mzima, na simsim imeota. Ukinijibu mpe karatasi dereva wa basi, maana simu yangu ya kitochi ilitumbukia mferejini.

Nyapara wetu Damiani ana simu kubwa. Tukipanga foleni ya ugali saa mbili usiku anafungua taarifa ya habari ya kituo chenu. Nikasema, huyo anayesoma ni binti yangu. Wakacheka. "Mzee Pazi, huyu angekuwa wako, wewe ungekuwa hapa unakata muwa?" Mimi niliishia darasa la nne, sina la kubishana. Lakini jana ulipotaja jina lako mwishoni, Mwanaima Pazi, Lindi, mpishi aliniongezea mchuzi wa maharage.

Zamani nilikuwa naona umesimama vizuri, mtu wa kamera anakupiga picha. Sasa unajipiga mwenyewe kwa mkono mmoja na sura inatikisika. Mtu wa kamera kaenda wapi? Kazi ipo kweli?

Baba yako,
Pazi


Lindi
3 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Wa aleikum salaam. Mimi ni mzima, Ridhiwani ni mzima, simsim imefika magotini.

Kazi ipo ila imegeuka. Mzee Bakary wa kamera alirudishwa nyumbani na kamera yake ikawekwa kabatini. Sasa kila mwandishi kapewa simu na kijiti cha kuishikia. Unapiga picha mwenyewe, unakata mwenyewe, unasoma, unarusha mtandaoni kabla hujatoka pale ulipo. Ukichelewa, kituo kingine kimeshatoa na yako ni makombo. Mhariri wetu, dada Getrude, katundika skrini ukutani inayoonyesha habari ya nani inatazamwa na watu wangapi. Tuko wanne, watabaki wawili. Mkataba wangu unaisha Julai.

Nilikuwa wa mwisho kwenye ile skrini. Aliyenipandisha ni Ridhiwani. Nimemnunulia simu nzuri, na tembo wakiingia mashambani anawapiga picha karibu kabisa, mpaka unaona kope zao. Watu wa mijini wanapenda tembo kuliko mikutano ya madiwani. Getrude anasema mdogo wangu ana jicho.

Tuombee.

Mwanao,
Mwanaima


Kambi ya Miwa
20 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikaacha chakula.

Tembo anafukuzwa kwa debe na moshi wa pilipili, na mtu anakaa nyuma ya moto. Hakai mbele na simu. Watu wa mijini wakitaka kope za tembo waje wazitazame wenyewe. Mwambie Ridhiwani aache. Ukishindwa kumwambia kama dada, mwambie ni amri yangu.

Wasalimie wote wanaoniulizia.

Baba yako,
Pazi


Kambi ya Miwa
2 Juni 2024

Mwanaima,

Salamu nimekosa. Nitaandika bila salamu.

Tulikuwa kwenye foleni, sahani yangu mkononi. Damiani akafungua simu. Sauti yako. "Kijana Ridhiwani Pazi, mkazi wa Mitole, ameuawa na tembo leo asubuhi." Halafu ile picha aliyokuwa anapiga mwenyewe. Majani, mguu, simu inaanguka, mbingu. Na anaita. Anaita "Dada! Dada!" na wewe umeiacha hiyo, umesubiri amalize kuita ndipo ukaendelea kusoma.

Mtu nyuma yangu akasema, "Rudisha, sikuona vizuri." Damiani akarudisha. Mwingine akasema, "Huyu dada ana sauti tamu jamani." Hawakujua kuwa ni mwanangu, hao ni wageni wa msimu. Mimi nilijua mara ya kwanza, na mara ya pili nikajua tena.

Kwetu mtu hapewi kifo kama chenji. Anaambiwa fulani hajisikii vizuri, njoo. Anapanda gari na tumaini lake. Njiani linapungua kidogo kidogo. Akishuka Nangurukuru anamkuta mjomba kavaa kanzu anamsubiri, na hapo anajua, lakini kajua akiwa kashikwa mkono. Hivyo ndivyo nilivyopewa kifo cha mama yenu. Hata mlevi hupewa hivyo. Mimi nilipewa na binti yangu, kwenye foleni ya ugali, na watazamaji tukaombwa tubonyeze kengele ili tusipitwe.

Nasikia mlishamzika siku ile ile. Vizuri.

Ifute hiyo picha. Sitakanyaga Mitole mpaka umeifuta.

Baba yako


Lindi
30 Julai 2024

Baba,

Shikamoo, ingawa hukunisalimu.

Nitakwambia yote. Ridhiwani alikuwa anatuletea picha moja kwa moja. Ofisi nzima tuliona, kwenye skrini kubwa. Mjomba Ahmadi nilimpigia nikiwa bado nalia, nikampa namba ya nyapara wako niliyopewa na dereva wa basi, nikamwambia mwambie baba kwamba mtoto anaumwa, aje. Mjomba akasema ngoja kwanza nisali adhuhuri nipate maneno. Yeye alikuwa na mchana mzima. Mimi nilikuwa na dakika.

Getrude alisimama nyuma ya kiti changu. Hakunilazimisha. Aliuliza tu, "Tuisome sisi, au tuwaachie wale wengine walikosee jina lake?" Sehemu anayoita niliikata. Akasema bila hiyo, habari imekufa. Nikairudisha kwa mkono wangu. Nikasoma mara moja, bila kukosea neno.

Siifuti. Nikiifuta mimi, wengine wameshaipakua. Na ndiyo iliyonipa mkataba. Mzee Bakary alikataa simu, leo anauza mihogo stendi ya mabasi. Sitaki kuuza mihogo.

Halafu usinifundishe msiba. Aliyemlea Ridhiwani ni mimi. Aliyempeleka jandoni ni mjomba. Wewe umeoa miwa. Arobaini imepita, hukuja, umetuma hasira kwa basi. Kama amri yako ilikuwa na nguvu, ungekuja nayo.

Jambo la mwisho. Getrude anaomba Damiani akurekodi ukizungumza kama mzazi, tunaandaa kipindi. Simama miwa iwe nyuma yako. Simu ilazwe, isisimamishwe. Usimtaje Mungu sana, watu hukatisha.

Mwanao,
Mwanaima


Kambi ya Miwa
14 Desemba 2024

Mwanangu Mwanaima,

Assalaam aleikum. Sijambo, namshukuru Mola. Natumai nawe hujambo.

Hii ni barua ya tatu tangu Septemba. Naziandika kwa jina lako, ofisini kwenu, na hujibu. Ile kazi ya kurekodiwa ilishindikana. Damiani aliweka simu mbele yangu akasema, "Zungumza mzee." Nikaitazama mpaka kioo kikazima chenyewe.

Kila saa mbili usiku nakusikia. Huna mafua, huna uchovu, hata sikukuu upo. Kwanza nilikuwa naondoka na sahani yangu nakwenda kula kwenye mashimo ya choo nisikusikie. Siku hizi nasogea karibu. Hasira yangu imechakaa, mwanangu, sijui kuinoa tena. Nilisema sitakuja mpaka uifute ile picha. Sasa nasema hivi: niandikie tu kwamba umenisikia, hata mstari mmoja, nitapanda basi nije. Tukae wawili tumlilie.

Mtu anayesema na nchi nzima kila usiku hawezi kukosa mstari mmoja wa kumwandikia baba yake.

Baba yako,
Pazi


Mitole
20 Januari 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Sauti unayoisikia siyo mimi.

Septemba walinikalisha kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Nikasoma wiki nzima. Majina ya vijiji, Nyangamara, Kilwa Kisiwani. Tarehe. "Amefariki." "Wamefariki." "Habari za jioni popote ulipo." Nikadhani ni mafunzo yangu. Kumbe nilikuwa naifundisha mashine, wanaiita akili unde. Sasa wanaandika habari, inasoma yenyewe kwa sauti yangu, haili, haidai likizo. Oktoba Getrude aliniambia asante. Na jina langu mwishoni wameliacha, watazamaji wamelizoea.

Barua zako zilikaa mapokezi. Mlinzi alinipa zote tatu wiki iliyopita, nilipokwenda kuomba waifute picha ya Ridhiwani. Ndiyo, baba, nilikwenda. Nilipiga magoti. Getrude akasema, "Mwanaima, ulipokuwa na neno la siri ungeifuta kwa kidole. Leo ni mali ya kituo." Akaniambia hata hiyo wameiondolea sauti yangu, habari wameisomesha upya kwa mashine. Haina kwikwi ya kilio.

Niko nyumbani. Napanda simsim. Usiku nalala juu ya dungu nikilinda shamba, na debe langu. Watu wa hapa hawanisalimii. Wanaupita mkono wangu kana kwamba nimeshika kinyesi.

Nimekusikia, baba. Huo ndio mstari uliouomba. Panda basi uje. Nitakusubiri Nangurukuru, nije nikushike mkono, kama ilivyotakiwa.

Mwanao,
Mwanaima


Kambi ya Miwa
9 Februari 2025

Mwanaima,

Barua imefika.

Nilikuwa nimeshafunga kibegi. Jioni ile nikasema nisikilize mara moja kabla ya safari, sasa nikiwa najua ni mashine. Nilitafuta kosa sikuliona. Ikasema habari za jioni popote ulipo, nikaitikia njema, kama ninavyoitikia siku zote. Wenzangu wakacheka, mimi nikacheka nao.

Kisha nikafungua kibegi nikatoa nguo.

Nimefikiri hivi. Nilikuwa nimemsamehe yule wa saa mbili. Wewe sijakusamehe, sikujua tu kwamba mko wawili. Yeye hakumnunulia mtu simu. Anapomtaja Ridhiwani hamjui, hakumbeba, hakuwahi kuitwa naye dada, kwa hiyo sina ugomvi naye. Wewe ulimjua, ukasoma bila kukosea neno.

Usije Nangurukuru. Hapa watu wanajua binti yangu yupo kazini Lindi, na mpishi ananiongezea mchuzi. Usiandike tena ukaniharibia. Debe lipige kwa nguvu, tembo hawamwogopi mwanamke.

Inakaribia saa mbili, Damiani anafungua simu. Naishia hapa.

Baba Ridhiwani