Hodi ya Pikipiki Yako

Baba,

Salamu zangu zikufikie huko ulikolala, na Mungu akupanulie nafasi. Nakuandikia nimekaa barazani hapa mjini Palma, mikono imejaa oili, na naogopa. Nilikwenda kumchukua mama, nikarudi bila yeye.

Mama yuko kijijini Olumbi, palepale shambani. Kuhama hataki kusikia. Huku nyuma mambo yamebadilika, Baba. Ile gesi uliyosema itatuletea barabara ya lami ilileta wageni, malori na nyua za waya, kisha vita vikaja. Wale watu wa msituni wenye bunduki huingia vijijini na pikipiki. Siku hizi mtu akisikia mngurumo asioujua haulizi ni nani, anaingia porini.

Na mimi mwanao nimewakimbiza watu wa Olumbi.

Unaikumbuka ile pikipiki yako ya Kitaliano, aliyokuachia padre aliporudi kwao? Platinado, kile kidude kinachopanga cheche za plagi, ulikuwa ukiipima kwa kipande cha boksi la sigara. Nilikwambia, Baba, haikai sawa, ndiyo maana inakohoa. Ukacheka. "Iache ikohoe. Hiyo ndiyo hodi yangu." Na kweli. Ukifika kona ya mikorosho unaachia akseli, ule mkono wa mafuta, inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, na mama anasema, "Huyo keshafika," anainjika maji ya chai.

Mwezi uliopita nikaazima kipimo cha chuma kwa fundi mmoja anayefanya kazi kambi ya gesi. Nikasafisha kabureta, nikapanga platinado barabara. Ikanguruma laini kama cherehani mpya. Nikajiona fundi, nikaipanda kwenda kumchukua mama.

Kijiji nilikikuta kitupu. Kwa mama chungu kiko motoni, wali unaungua. Niliita mpaka sauti ikanikauka. Nikampata ndani ya mihogo, kalala kifudifudi, kanga imeraruka, goti limeumuka. Alinitazama kana kwamba hanijui. Halafu akasema, "Mwanangu, kwa nini hukuja na sauti ya baba yako?" Majirani waliporudi kutoka porini tulimbeba nao mpaka ndani. Kupanda pikipiki akakataa, anasema hapandi mashine asiyoijua.

Juzi wakimbizi wa vita kutoka upande wa Awasse walipita hapa na magodoro kichwani. Mama hawezi kubaki kule, Baba. Na akikimbia tena, goti lile halimfikishi popote.

Basi leo nimekirudisha kile kipimo kwa mwenyewe. Nimekata boksi la sigara, nimelegeza skrubu, nimepima kama ulivyokuwa ukipima, jicho moja umefumba. Mara ya kwanza ikazima. Nikarekebisha kidogo, nikapiga kiki, nikaachia akseli. Ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena. Bi Zaituni, jirani yetu, akasema kutoka ng'ambo ya ua, "Fundi, karibu chai," kama alivyokuwa akikuita wewe. Kisha akakumbuka hupo. Nikamsikia analia, na mimi nikalia, mkono bado uko kwenye usukani.

Kesho nikishaswali alfajiri naondoka. Naogopa, Baba, sikufichi. Kikohozi hiki kinasikika mbali. Sauti itakayomtuliza mama ndiyo itakayowaambia na wale watu niko wapi. Ungekuwepo ungeniambia nisiende, au ungekwenda wewe. Sasa nimebaki mimi.

Lala salama, baba yangu. Nakuahidi platinado yako siigusi tena, iwe mbovu iwe nzima. Kwenye kona ya mikorosho nitaachia akseli kama wewe. Nikifika nikakuta maji yako ya chai motoni na mama kakaa pembeni yake, nitajua amenisubiri.

Mwanao,
Mwanaisha