Petroli Ndani ya Opala

Nivaldo,

Maharage yapo jikoni, yapashe moto. Gari langu la mashindano, hilo Opala, USILIWASHE.

Asubuhi hii, wewe ukikoroma, nimeliwasha niende kushindana. Nikakanyaga mafuta kidogo tu, injini ikagonga kama kokoto ndani ya debe! Binti yako Jussara akaniambia, "Jana baba kajaza petroli. Kasema bei ya ethanoli ya miwa imepita asilimia sabini ya bei ya petroli, nayo huisha upesi, kwa hiyo haina faida."

Hesabu hiyo ni ya gari lako la kwendea sokoni, linalokunywa yote mawili, bwana wee! Injini hii nimeiunda mwenyewe, inabana hewa mara kumi na nne. Humo petroli hulipuka kabla ya wakati wake, ikatoboa pistoni. Inataka ethanoli, hata ikiuzwa bei ya manukato. Miaka sita unaniona nikijaza ethanoli, ulidhani naipendea harufu?

~~Chakula kajipikie.~~ Keki ya mahindi nimeifunika.

Mashindano yamenipita. Ukiamka, toa petroli yote tangini. Nimechukua gari lako nikatafute ethanoli. Ukiwa na safari, nenda kwa miguu. Piga hesabu, utaona ndiyo njia nafuu kuliko zote.

Mama Jussara