Masanduku Mbili za Muziki na Mashini ya Ngalula

Mama Adolphine, weye mwenye kupatanisha bantu mu gazeti,

Nalomba musaada, lakini usiniambie niache ile muziki, juu kuikamata nitaikamata. Mi njo Stanislas, nilitumika miaka makumi tatu ku atelier ya shemindefere, karakana ya reli, kupiga nyundo mu chaudière, zile pipa za mvuke za locomotive, mpaka sikio la kushoto likafa, masomo yangu ilifika mwaka wa tatu kwa bapère wa misioni, kisha tukachokana. Sasa muzungu wangu wa zamani, Monsieur Clovis, anarudia kwabo na train ya Sakania siku ya posho, njo Jumamosi, ananiachia gramofoni yake ya stéréo, mi namupa velo yangu, baiskeli, na anasema nichague haut-parleur, yale masanduku ya kutoa sauti: kuko mbili kubwa, zinanifika mu kifua, na mbili ndogo sawa sanduku ya sabuni, lakini mbao nene, uzito ya mawe. Mi fundi, nikafanya vile tunafanyaka ku chaudière, kupiga na kusikiliza, juu rivet, ule musumari wa chuma, yenye kulia ngeee iko muzima, yenye kujibu tup iko mugonjwa. Ile kubwa ikalia ngeee! Ile ndogo, tup, sawa mulango ya confessionnal, kile kichumba cha kuungama kwa bapère. Nikachagua kubwa. Lakini chumba yangu ya kusikilizia iko hatua tatu kwa mbili na nusu, na mule njo muko mashini ya kushona ya bibi yangu Ngalula. Nikamwambia: "Mama, mashini itoke iende ku barza ya nje, muziki iingie." Akajibu bila kuinua kichwa: "Mashini ikitoka, na mi natoka. Muziki yako ikupikie bukari." Na weye unajua, mu Katanga hii ya sasa, muntu wa Kasai sawa eye hawezi kushona ku barza, bapita njia banamutupia maneno, na mi nilijua, lakini mudomo ilishatangulia. Tangu juzi anashona bila kuimba. Muziki naitaka, Ngalula naye namutaka, hata ananitukana muzuri kuliko chef d'atelier. Nifanye nini?

Stanislas, camp ya shemindefere, Élisabethville

*

Baba Stanislas,

Pole kwa sikio. Kwa kichwa sikupi pole, hicho ulikiharibu weye mwenyewe. Miaka makumi tatu ya nyundo, na haujue kama sanduku ya muziki haiko chaudière! Rivet inapashwa kulia, iko chuma. Sanduku inapashwa kunyamaza, disque, ile sahani ya muziki, njo inaimba. Mbao ikilia ngeee yenyewe, kila wimbo itapata ngeee yake, sawa mulevi mu kwaya. Ile ndogo yenye kukujibu tup, njo muzima. Nilimuuliza Désiré, mutengenezaji wa baradio ku njia ya Naviundu. Alicheka mpaka akaangusha bisi za kufungia radio. Anasema: "Ile kubwa mu chumba ya muzee, sauti nene ya chini itajaa sawa moshi mu jiko bila dirisha."

Basi, siku ya posho kamata ndogo. Uzipandishe juu ya matofali, kimo ya masikio ya muntu mwenye kuikala, mukono muzima mbali na ukuta, hapana mu kona. Ku ukuta ya nyuma utundike kitambaa kizito. Katikati ya masanduku, mashini ya Ngalula, pale pale iko, haitoke hata kidole. Alijificha mule na kazi yake, na weye, bwana wake, njo ulitaka kumutoa mbele ya batukanaji. Haya, muzee! Leo, mbele ya kula bukari, umuombe samahani, bila mizaha, na kofia mu mukono.

Na nikuulize: stéréo inataka masikio mbili, moja kwa kila sanduku. Weye unabakia na ngapi? Violon ikilia kushoto, nani atakuambia? Siku ya posho, mashini ikisha kupumuzika, uweke kiti ya Ngalula upande wa sikio lenye lilikufa. Eye atasikia ya kushoto, weye ya kuume. Kitu kizuri ikipita kwake, atakupiga kiwiko.

Akikupiga, funga mudomo.

Adolphine