Salamu Baadaye, Kifua Kwanza

Mama Mwamvua,

Kipupwe kimerudi, na safari hii kimekuja na kichomi kwelikweli. Tangu tuvune karanga, benchi la zahanati yetu halikauki watoto. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupambana nacho bila wewe. Ulipotutoka nilijiuliza nani atanikemea sasa. Kumbe ninajikemea mwenyewe, tena kwa sauti yako ileile ya Cheyo, mtaa wenu wa mjini.

Unakumbuka tulipohamia kijiji hiki cha Ujamaa, watu wametoka kila upande wa barabara ya Nzega? Mkwe wa kike hakuweza kumpita baba mkwe bila kupiga magoti na kumwamkia mpaka mwisho: wangaluka, habari za nyumba, za shamba, za ng'ombe. Mtoto mgongoni anatweta! Ndipo ulipotoa amri yako: "Salamu baadaye, kifua kwanza." Mzee Masanja akakushitaki mkutanoni, eti mwanamke wa mjini anawafundisha wakwe wa watu utovu wa adabu. Ukamwambia, "Baba, mtoto akikata pumzi, hiyo adabu utamfundisha nani?" Alikununia mwaka mzima.

Wewe hukujali. Uliwaonyesha akina mama kumfungua mtoto khanga zote, baridi iwe kali vipi, na kumtazama. Kikohozi na mafua tu, arudi nyumbani anyonye. Akipumua mbiombio hata akiwa ametulia, sindano ya penisilini. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, pua zikitanuka, na ziwa akilikataa, hapo mambo yameharibika: adungwe, kisha apelekwe Nzega kwa gari lolote linalopita.

Basi sikia. Wiki iliyopita nilisikia mwanamume anapiga kelele njiani, "Pisheni! Kifua kinabonyea! Msitusalimie!" Nikatoka mbio. Mama, alikuwa Mzee Masanja! Fimbo kaisahau, shuka linamporomoka, na nyuma yake mkwewe Nyamizi anakimbia na mtoto. Nyamizi aliniambia baadaye kwamba alikuwa anapiga goti kumwamkia, mzee akamzuia: "Inuka. Mfungue nimtazame." Akatazama mwenyewe, akaona.

Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Nilimdunga penisilini palepale. Tukasimamisha lori la pamba, mzee akapanda nao. Niliogopa sana, Mama. Kila lori lililorudi nilitoka kutazama.

Leo wamerudi wote watatu. Mtoto ananyonya mpaka mama yake analalamika.

Mzee Masanja alisimama mlangoni, akaniuliza, "Benchini kuna mtu?" Nikamwambia hakuna. "Basi sasa naweza," akasema, akazunguka hadi kwenye kaburi lako kule nyuma ya zahanati. Akapiga makofi ya taratibu ya heshima, akakuamkia mpaka mwisho. Nyumba, shamba, ng'ombe, hakuruka hata kimoja. Nililia, lakini nililia kifua mbele. Nilitaka kijiji kizima kione ulivyokuwa.

Pumzika, Mama. Nakuahidi hakuna mtoto atakayepita mlango huu bila kufunguliwa kifua, hata akiletwa na nani.

Benchi ni tupu. Na mimi sasa naweza.

Shikamoo.

Mwanafunzi wako,
Kalunde