Majina Kumi na Moja ya Bi Zuwena

Jumamosi, 4 Novemba 2006
Leo nimerekodi kanda ya thelathini na mbili. Dereva wa Bi Zuwena alinifikisha nyumbani kwake Khuwair saa mbili asubuhi. Mwaka wa pili huu naandika maisha ya marehemu baba yake Bi Zuwena, karani wa forodha Unguja. Leo kasema, "Baba hakuogopa serikali wala njaa. Alichoogopa ni kuzikwa pasi na wa kumsomea dua." Akacheka. "Andika, mwanangu. Usinitazame nna sura gani."

Jumanne, 7 Novemba
Barua ya dada yangu Ruth, Nairobi. Anapanga nguo za Mama. Miezi miwili tangu tumzike. Katika mkoba wake wa kanisani amekuta karatasi ya ukoo wa Bi Zuwena. Mimi ndiye niliyompelekea Mama aninakilie, kwa ule mwandiko wake. Kila jina lina alama ya penseli.
Sisi Wamormoni hubatizwa kwa niaba ya wafu wetu. Wetu. Lakini Mama hakuweza kuona jina la marehemu akaliacha.
Naogopa.

Ijumaa, 10 Novemba
Huku nchi ya Kiarabu kanisa letu husali Ijumaa, si Jumapili. Sikwenda. Ruth amepiga simu. Mama aliyapeleka hekaluni majina yote kumi na moja, na watu wamekwisha kubatizwa kwa niaba yao. Baba yake Bi Zuwena wa kwanza. Kwenye fomu, penye uhusiano, Mama aliandika "ndugu".
Nimemkasirikia maiti. Kisha nikamkumbuka akiandika, ncha ya ulimi nje kama mtoto.

Jumapili, 12 Novemba
Nilikuwa nabadilisha kanda. Bi Zuwena akauliza, "Majina haya hayajatoka humu ndani, eti?" Kaka yake ameanza kudadisi.
Nikasema hayajatoka. Chai ikanishinda.

Jumanne, 14 Novemba
Nimemwambia. Nikaeleza kwamba kwa imani yetu marehemu anaweza kuukataa ubatizo huo.
"Atakataa vipi, naye keshakufa?" Akavua miwani. "Na mamangu?"
"Wote, Bi Zuwena."
Adhana ya adhuhuri ikaanza; akavaa miwani tena. "Kanda ziache hapo. Waandikie watu wenu, uwatoe wazee wangu. Si wewe mwandishi?"
Dereva hakuitwa. Nilirudi kwangu Ghubra kwa miguu.

Alhamisi, 16 Novemba
Nimejaza ombi la kufuta majina. Kumi na moja, moja moja, bila kosa. Mwishoni wanataka uhusiano wangu na marehemu.
Najua baba yake Bi Zuwena alipunguza ndevu kila Alhamisi. Najua alimficha paka wa bintiye chini ya meza ya forodha.
Nimeandika: hakuna.