Kiegemeo cha Sentimita Saba

Jumatatu, 3 Machi

Askari wa nne karuka leo. Kanipita sikioni, kagonga dirisha, katua kwenye ndoo ya taka. Bila kichwa. Kichwa chenyewe sijakiona mpaka sasa.

Patasi haina kosa, nimeinoa mara mbili. Mti mkavu, hauna fundo. Kosa ni la kiegemeo—kile chuma cha kulalishia patasi mbele ya mti unaozunguka kwenye mashine ya kukereza. Changu kina urefu wa sentimita thelathini. Kwa miguu ya viti ni kizuri, miaka kumi na moja sasa kinanilisha. Lakini askari wa sataranji ana sentimita nne tu! Kiegemeo hakiingii. Huku kinagonga kichwa cha mashine, kule kinagonga mkia. Basi kinabaki mbali, patasi inaning'inia hewani, inang'ata mti—pa! Askari kaenda.

Natakiwa kuwa na kete thelathini na mbili kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Nilizo nazo: hakuna.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kwa kaka. Kiti kile kile, pembe ile ile ya chumba, redio inaongea na ukuta. Huu mwaka wa pili tangu presha ya macho impofushe. Hajagusa kete tangu hapo. Mtu aliyekuwa bingwa wa klabu ya sataranji mara sita!

Mwenyekiti wa klabu amesema kaka anaruhusiwa kucheza mashindano ya Jumamosi hiyo, mradi aje na ubao wake wa kupapasa. Kila mraba uwe na tundu, kila kete iwe na kijiti cha kuingia humo, na zile nyeusi ziwe na kipini kichwani ili vidole vizijue. Klabu haina ubao wa namna hiyo.

Kaka kauliza nani atautengeneza. Nikasema mimi. Kacheka kile kicheko chake kikavu. Kasema, usijisumbue, Kadogo, mimi na mchezo tumeshaachana. Nina miaka hamsini na minane na bado ni Kadogo!

Wifi kanisindikiza mpaka nje, kafunga mlango nyuma yake. Kasema juzi alimsikia bafuni anacheza peke yake kwa mdomo, farasi huku, ngome kule, anajibishana na nafsi yake. Kisha kasema, "Ubao nitatoboa mimi, drili ninayo. Wewe nipe kete. Usiniangushe, wifi yangu."

Wameachana wapi!

Alhamisi, 6 Machi

Duka la zana. Muuzaji ana tai nzuri na mikono laini kama ya mtoto mchanga. Nikamwambia nataka kiegemeo kifupi, kazi ndogo ndogo. Kanionyesha kirefu kuliko changu! Eti, "Hiki kinafaa kila kitu, mama."

Nikamwambia kinachofaa kila kitu kampe anayefanya kila kitu.

Kaleta vingine vitatu. Cha kwanza kimepinda kama herufi S. Hicho ni cha kuingia ndani ya bakuli, mimi sina bakuli. Cha pili kifupi, kizuri, moyo ukaruka—lakini shina lake nene. Tundu la mashine yangu ni milimita kumi na sita, shina lake ishirini na tano. Nimepima na kalipa mbele yake, kanuna. Cha tatu shina sawa, urefu sawa. Nikatoa patasi kwenye mkoba nione inavyoteleza juu yake. Muuzaji akarudi nyuma hatua mbili! Nikamwambia, usiogope, mwanangu, sijaja kwa ubaya. Patasi haikuteleza. Ukingo una vijipengo, chuma chenyewe si kigumu. Kila kijipengo patasi inakwama, na ikikwama tu, mkono unaruka, na mti unapata kidonda.

Nimetoka mikono mitupu. Lakini kichwani nimetoka na kitu! Sasa najua ninachotaka: sentimita saba, juu pawe mviringo, chuma kigumu, kinachoteleza kama kioo, shina la kumi na sita.

Hakiuzwi. Basi kitazaliwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempata Cheche, fundi wa kuchomelea nyuma ya gereji. Nimemchorea kwenye boksi la elektrodi. Kakuna kidevu, kaingia kwenye lundo lake la vyuma, katoka na fimbo ya shokomzoba iliyokufa. Inang'aa! Kapitisha tupa juu yake—tupa imeteleza, haikuacha hata mstari. Kasema, hii ilibeba lori, itashindwa na kijiti chako?

Nilitaka kumkumbatia. Ana grisi mpaka kwenye nyusi. Nikajizuia.

Jumatatu, 10 Machi

Kimekuja. Kimezaliwa kifupi! Si juu, juu ni sentimita saba kamili. Shina ndilo fupi. Ukingo unatakiwa ukae chini kidogo tu ya kitovu cha mti, huu umezama unene wa kidole gumba kizima. Nikikitumia hivi patasi itachimba kwa chini.

Nikarudi nacho. Cheche kasema, "Mama, si unyanyue mkono tu?"

"Nyanyua wewe, nikuone."

Kacheka, kakata, kaweka shina jingine refu. Safari hii nilisimama pale na kalipa mpaka chuma kikapoa. Siku tano zimebaki.

Jumanne, 11 Machi

Leo! Leo!

Nimekiweka asubuhi, kabla ya chai. Shina limeingia kwenye tundu kama liliishi humo. Nimekisogeza karibu na mti—karibu, jamani, ukucha tu umebaki kati yao—nikazungusha mti kwa mkono kwanza, haugusi. Nikawasha.

Patasi imelala pale juu kama paka. Haikwami, hairuki, inateleza tu na mkono wangu unaifuata. Maranda membamba yanatoka marefu, yanajikunja, yananipanda mpaka mabegani. Shingo ya askari. Kola yake. Kichwa chake cha mviringo—nikashikilia pumzi hapo, ndipo wote wanne walipofia. Patasi ikapanda, ikazunguka, ikashuka upande wa pili. Nikazima.

Kichwa kipo!

Nimepiga kelele peke yangu. Jirani, mshona nguo, kaita ukutani, kauliza kama nimeumia. Nikamwambia nimepona!

Kufikia mchana nina askari kumi. Chai nimeikuta baridi kama maji ya kisima. Nimeinywa hivyo hivyo, tamu ajabu.

Alhamisi, 13 Machi

Thelathini na mbili. Vichwa vya farasi nimevichonga kwa kisu, vingine vimefanana na mbuzi. Mgongo umekatika. Nina furaha.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi kauweka ubao mezani. Matundu sitini na manne, hakuna hata moja lililopinda. Huyu mwanamke hajasifiwa vya kutosha duniani.

Kaka kakaa. Vidole vikatembea. Ngome. Askofu. Malkia—hapo vikasimama muda mrefu. Mfalme. Kafika kwa askari, kawashika mmoja mmoja. Wa sita kamng'oa, kanipa.

"Huyu shingo nene. Wenzake si hivi."

Nikampima. Nusu milimita! Nusu!

Wifi kamtolea macho, nusura amfokee. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Miaka miwili halalamiki kitu, chakula kikiwa baridi sawa, shati likiwa limegeuzwa sawa. Leo kalalamika! Nimekimbia kwenye mashine, nimemkereza mwingine. Nimerudi nikamkuta ananisubiri na kiganja wazi.

Kampapasa. "Huyu ndiye."

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia hapa hapa ukumbini, safu ya pili, daftari juu ya goti. Kaka ana kete nyeusi, na ubao wake. Mbele yake yule wanayemwita Profesa, bingwa wa sasa, ana ubao wa kawaida. Kila mmoja anatamka anavyocheza. Asubuhi Profesa alimpa kaka mkono kwa huruma nyingi, sauti ya kumjulia mgonjwa hali. Sasa hana sauti hiyo. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kaivua tena.

Ni zamu ya kaka. Dakika ya tisa anafikiri. Vidole vinamzunguka malkia, shingo, kola, taji. Hajamng'oa. Kumpapasa hakuhesabiwi. Akitoka tu kwenye tundu, lazima achezwe. Mwamuzi kasogea karibu. Wifi ananiminya mkono mpaka unakufa ganzi.

Kaka kainua uso. Kamuuliza Profesa, kwa upole kabisa, kama angependa maji ya kunywa.

Naijua sauti hiyo! Nimefungwa nayo mchezo huu utoto wangu mzima; hakuwa mpole hivyo ila akishaona ushindi.

Profesa kasema hapana, asante. Kaka kaitikia kwa kichwa. Vidole vimekaza. Malkia anatoka kwenye tundu—