Mgeni Aliyetazama Chini

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata, na viatu pia. Vinanibana kidole gumba, lakini nashukuru. Mama hajambo, kikohozi kimepungua, ulimi haujapungua.

Huku tuna mgeni, mtafiti wa ndege. Amepanga chumba nyuma ya duka, atakaa mwezi mzima. Juzi nilimpeleka msituni. Wageni wote wakitafuta hondohondo hutazama juu mpaka shingo zinawauma. Huyu alitazama chini njia nzima. Alikuwa anatafuta mbegu! Jike akishajiziba kwa matope ndani ya shimo la mti, dume humletea matunda, na mbegu humwagika hapo chini. Siri hiyo Baba alituachia watoto wake wawili tu, tena kwa kiapo, tangu wezi walipobeba makinda. Mmoja ni mimi.

Nikasingizia mvua, tukarudi kabla ya kuufikia mti wetu. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akacheka: "Nilisoma mahali." Mahali gani, mdogo wangu?

Sikushutumu. Ila kikulacho ki nguoni mwako.

Jana alfajiri nilizoa mbegu zote, nikazimwaga ng'ambo ya kijito, chini ya mti wenye shimo tupu. Mgeni kaziona, kapiga kambi pale na darubini yake, anasubiri. Hata Mama hajui nilichofanya. Sasa unajua wewe.

Akiuacha mti ule baada ya barua hii kukufikia, sitakuuliza tena.

Dada yako, mpaka sasa.